Kanda ya Saba

Nina wivu. Nalisema hili mwanzoni kabisa nisije nikashikwa nalo katikati, maana watu wa kwetu wana tabia ya kukuacha useme weee, halafu mwishoni kukuuliza swali moja tu. Nimekuwa na wivu tangu mdogo wangu azaliwe akaninyang'anya mgongo wa Bibi. Umri huu nilio nao, wa kufundisha watoto wa watu na kuvaa miwani ya kusomea, haujaupunguza. Siku ya harusi yangu, mdogo wangu huyo huyo alinizawadia kanga iliyoandikwa "Mwenye wivu ajinyonge", akanifunika nayo mabegani mbele ya wageni. Watu walicheka sana. Mimi nilicheka kidogo.

Mwaka huu, baada ya mavuno, alianguka kutoka kwenye mkokoteni wa ng'ombe akiwa amekaa juu ya magunia ya mahindi, akavunjika mguu. Wakamfunga plasta ngumu kuanzia kwenye vidole hadi juu ya goti. Kwa kuwa mimi naishi hapa Sumbawanga mjini, jirani na hospitali, na yeye yuko kijijini kwetu upande wa Kaengesa, akaletwa kwangu akae wiki sita. Mwanamke aliyezoea kuamka na jembe, umkalishe kwenye kochi wiki sita! Siku ya tatu alikuwa ameshaanza kunipangia jiko langu kwa mdomo.

"Dada, hiyo sufuria itakuangukia."

"Haijawahi kuniangukia."

"Dada, unga wa ulezi hauwekwi karibu na mafuta ya taa."

Niliona nikiendelea hivi nitamvunja na mguu wa pili. Ndipo nikakumbuka boksi lililokuwa chini ya kitanda changu.

Boksi hilo lilikuwa na diski saba za katuni moja ndefu ya zamani, ya Kijapani, yenye wafalme, ngome za mawe na majitu ya chuma marefu kama mnara wa kanisa. Mwalimu mwenzangu alinitafutia Dar es Salaam, na nilimsumbua mwaka mzima mpaka akawa ananikwepa ofisini. Kwenye kifuniko kuna jitu limepiga goti, na juu ya kiganja chake amesimama msichana aliyevaa sare ya shule. Lilikaa chini ya kitanda miezi mingi bila kufunguliwa. Sababu yake ni ndefu kidogo, na inanitia aibu.

Mwaka nilioingia kidato cha kwanza nilikuwa mtoto wa kwanza wa nyumba yetu kwenda shule ya bweni, mbali, upande wa Mbeya. Wiki mbili baada ya mimi kuondoka, bruda mmoja mzee wa misheni, fundi mitambo, alirudi kwao Ulaya moja kwa moja. Baba yetu mdogo ndiye aliyekuwa akiwasha jenereta chini yake, kwa hiyo bruda alimwachia televisheni, deki, na kanda saba za katuni hiyo, zimeandikwa moja hadi saba kwa kalamu nene. Ilikuwa imetiwa sauti za Kiitaliano. Kijijini kwetu hakuna aliyejua Kiitaliano, isipokuwa yale maneno mawili matatu ambayo bruda alikuwa akiyasema nyundo inapompiga kidole.

Nilipata habari kwa barua ya mdogo wangu. Aliandika: "Dada, hapa nyumbani kila Jumapili baada ya misa kuna sinema. Bibi ndiye anayetafsiri." Niliisoma barua ile nimesimama nje ya bwalo, foleni ya maharage ikinipita. Bibi hata Kiswahili alikisema kwa shida. Sasa anatafsiri Kiitaliano, na mimi sipo!

Inabidi nieleze alivyotafsiri. Kwenye kilima juu ya kijiji chetu yapo mpaka leo matanuri ya udongo ambayo wazee wetu walikuwa wakiyeyushia chuma. Tanuri moja huitwa ilungu, ni refu kuliko mtu, na baba yake Bibi alikuwa mmoja wa wahunzi hao. Ilungu halikuchukuliwa kama tanuri tu. Lilikuwa bibi harusi. Lilipambwa, likaimbiwa, na wanaume waliolihudumia hawakulala na wake zao mpaka kazi iishe. Wanawake hawakuruhusiwa kusogea. Bibi alipokuwa mtoto alikuwa akichungulia kutoka kwenye vichaka, akiona moshi na kusikia baba yake akimwimbia mwanamke wa udongo nyimbo ambazo mama yake hakuwahi kuimbiwa. Aliniambia mwenyewe kwamba jambo hilo lilimuuma. Kwa hiyo wivu huu sikuuokota barabarani.

Basi, siku Bibi alipoona kwenye televisheni jitu la chuma likifunguka kifua, moto ukiwaka ndani, na mtu akiingia, hakuhitaji mkalimani. Alisema: "Huyo ni ilungu. Amepata miguu." Na kama ni ilungu, basi ni bibi harusi. Na kama mabibi harusi wa mfalme mmoja wanapigana mapanga uwanjani kwa mfalme, huo ni uke wenza, Muitaliano atakueleza nini zaidi? Kuanzia hapo hadithi ilijiendea yenyewe, kanda baada ya kanda, kwa Kifipa.

Nilirudi likizo ya Juni nikiwa na mengi ya kusimulia. Nilikuwa na Kiingereza changu, nilikuwa nimechora moyo wa binadamu na mishipa yake yote, nilikuwa nimepanda lifti ya lori hadi Tunduma. Hakuna aliyeniuliza mara mbili. Nyumba nzima ilikuwa ikiongea lugha ya kanda zile. Sufuria mbili zikigongana, mtu anasema, "Wake wenza hao!" Baba mdogo akichelewa kurudi, shangazi anasema, "Alikuwa harusini mlimani." Wanacheka mpaka wanashika mbavu, halafu mmoja ananitazama na kusema, "Aa, wewe huwezi kuelewa, ni mambo ya kwenye video." Mdogo wangu alikuwa amekaa katikati ya miguu ya Bibi, anachambua maharage, na mara nyingine wawili hao walicheka bila hata neno kusemwa. Hilo ndilo lililoniua. Nilimchukia mdogo wangu kwa namna ambayo sijawahi kumchukia mtu tena.

Kanda sita zilikuwa kwenye katoni kando ya deki. Ya saba ilikuwa peke yake juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma. Niliuliza kwa nini.

"Hiyo bado," mdogo wangu alisema, akamtazama Bibi, wakatabasamu.

Jumamosi watu wote walikwenda kupura maharage. Nilisema tumbo linaniuma. Nilipobaki peke yangu nilichukua kisu cha mboga, nikaishusha kanda ya saba, nikafungua kile kifuniko chake chembamba kwa ncha ya kisu, nikavuta mkanda ule wa kahawia unaong'aa, nikaukata. Kisha nikaurudisha ndani kwa kidole, polepole, nikaweka kanda mahali pake na kuifunika kitambaa kama ilivyokuwa. Nakumbuka nilijisikia nimeshiba.

Jumapili baada ya misa walijaa sebuleni kwa baba mdogo. Bibi aliniita mbele, akanikalisha kwenye kigoda kando yake, mahali pa mdogo wangu. Nilidhani ni kwa sababu ya tumbo. Baba mdogo akaweka kanda, na kilichotokea ni chenga tupu. Akaitoa, mkanda ukaning'inia. "Deki imetafuna," alisema. Bibi akaomba apewe. Akaushika mkanda mwisho wake, akaupitisha kati ya vidole viwili pale ulipokatika. Kisha akasema kwa Kifipa: "Basi. Mwenyewe hajataka iishe."

Nilidhani anamsema Mungu, au bruda. Sikuuliza. Mwenye hatia haulizi maswali.

Baba mdogo aliifungua deki aisafishe isije ikatafuna na nyingine. Haikufungika tena. Vyuma vyake vilikaa kwenye beseni mpaka nikamaliza kidato cha nne. Nilitaka kuua kanda moja, nikaua zote saba, na hakuna mtu wa nyumba yetu aliyeziona tena. Bibi alifariki nikiwa chuo cha ualimu. Sikuwa nimemwambia kitu.

Kwa hiyo nikikuambia nilinunua boksi lile ili nirekebishe makosa yangu, utaniona mtu mwema, na mimi mwenyewe ningependa kujiona hivyo. Ukweli ni kwamba nilitaka kuona walichokiona, kila kitu, na mwisho wake ambao wao hawakuuona. Kisha siku moja, mbele ya watu, nimwambie mdogo wangu: "Kwanza kabisa, Bibi alikosea."

Tulianza mchana wa Jumanne, upepo wa Julai unapiga madirisha, mdogo wangu amejifunika blanketi, mguu wake mweupe umelala juu ya stuli. Maneno ya Kiingereza yalikuwa yanapita chini ya picha. Yeye Kiingereza hasomi. Nilijisikia vizuri, siwezi kukuficha. Baada ya miaka yote hii, mtafsiri ni mimi.

Hadithi inaanza na yule msichana mwenye sare. Anatoka shuleni na begi lake, ukungu unamfunika njiani, na ukungu unapoondoka yuko katika nchi ya ngome na bendera, haelewi hata wanachosema. Alipotokea tu, mdogo wangu alikunja viganja na kupiga makofi mawili ya taratibu, yale ya kumsalimia mtu kwa heshima.

"Unamsalimia nani?" nilimuuliza.

"Mazoea tu," alisema. Hakuniangalia.

Kila msichana yule alipotokea, makofi mawili. Mwanzoni yalinichekesha, kisha yakaniudhi, maana lilikuwa jambo jingine la kwao ambalo mimi sikuwa nalo.

Vita ya kwanza ilipofika nilisoma kwa sauti yangu ya darasani: "Wanagombea maji ya mlimani. Huyu mfalme amefunga mto."

"Hapana," mdogo wangu alisema. "Wanagombea mume."

"Imeandikwa hapa!"

"Aliyeandika hakumjua Bibi."

"Bibi hakujua Kiitaliano, mdogo wangu."

"Hakujua. Lakini mtazame yule wa nyuma, mweusi, alivyoinamisha kichwa. Kwa nini hapigani?"

Nilisoma. "Ameishiwa nguvu ya jiwe lake la moto."

"Ana mimba," mdogo wangu alisema. "Na mke mkubwa ameshajua. Tazama anavyomsogelea."

Nikatazama. Yule jitu mwekundu alikuwa akimsogelea mweusi, hatua kwa hatua, panga limeshuka, na Mungu anisamehe, alikuwa mke mkubwa mtupu. Maneno ya chini yalikuwa yanazungumzia jiwe la moto. Nilikuwa na maneno yote, yameandikwa, na yeye ndiye aliyekuwa na hadithi. Hata maiti ya Bibi ilikuwa ikimpendelea.

Tuliendelea hivyo, mchana mmoja diski moja. Diski ya pili bado nilikuwa nabishana. Ya tatu nikawa nasoma nusu. Kufikia ya tano nilikuwa nauliza: "Na hapa Bibi alisemaje?" Niliuliza nikiwa naosha vikombe, nimempa mgongo, nisionekane nataka sana. Mdogo wangu anajibu kwa sauti ya Bibi, na kikohozi cha Bibi, na pale Bibi alipokuwa akisimama kuvuta ugoro anasimama na yeye. Nilitamani kumkumbatia na kumnyonga kwa wakati mmoja.

Ikabaki diski ya saba. Niliitoa kwenye boksi, nikaifuta kwa kanga mara mbili, sikuiingiza. Nikaona njia ya mwongo ni fupi kweli, hata ikichukua miaka thelathini.

"Mdogo wangu," nilisema, "ile kanda haikutafunwa na deki."

"Najua."

Nikageuka.

"Nilikuona," alisema. "Nilirudi kuchukua ungo. Ulikuwa umechuchumaa na kisu cha mboga, ulimi umeutoa nje kama unashona."

"Na hukusema?"

"Sikusema."

"Ulinionea huruma."

Alicheka, lakini haikuwa furaha. "Huruma gani, dada? Nilifurahi."

Sikuelewa. Akanionyesha boksi, ile picha ya kifuniko, akaweka kidole juu ya msichana.

"Huyu ni wewe," alisema. "Jumapili ya kwanza kabisa, Bibi alimwona anatembea peke yake na sare, anafika mahali hajui lugha ya watu. Akasema, 'Huyo ni mjukuu wangu. Amefika salama.' Akatuamuru wote tukusalimie. Tangu siku hiyo kila ukitokea tunapiga makofi. Shangazi, watoto, hata baba mdogo. Nyumba nzima inakuamkia wewe ambaye hupo. Mimi nipo pale pale. Nimechota maji, nimepika, nimemkanda Bibi miguu. Sikupigiwa hata kofi moja."

"Hakuna aliyeniambia."

"Ulikuwa uambiwe Jumapili ile. Tulikuwa tumemaliza ya sita mapema. Watu wakataka ya saba, Bibi akakataa. Alisema picha haiwezi kuisha mwenyewe hayupo. Akaifunika kile kitambaa chake cha harusi. Tukarudia sita zile mara tatu, tunakusubiri wewe ufunge shule." Alivuta blanketi. "Nilipokuona na kisu, nilisema moyoni, kata. Kata, na hayo makofi yaishe. Halafu Bibi akaushika ule mkanda, akajua. Alitukataza tusikuambie habari ya yule msichana, akasema utaumia."

Mwenyewe hajataka iishe. Nilikaa chini, pale pale kwenye zulia, nikalia. Nililia kwa ajili ya Bibi aliyenisubiri na kitambaa chake cha harusi, nami nikaja na kisu. Na nitasema lote, kwa kuwa nimeahidi kusema: hata katikati ya machozi, kuna pembe moja ya moyo wangu ilikuwa inahesabu makofi yale ya Jumapili zote, na ikaridhika. Nikamtazama mdogo wangu kwenye kochi, na sura yake nikaijua. Nimeiona kwenye kioo maisha yangu yote.

"Weka," alisema. "Tumalize."

Niliweka diski, kisha nikachukua rimoti na kuzima sauti. Maneno ya chini sikuyasoma. Mabibi harusi wa chuma walipigana mara ya mwisho, na hakuna aliyetafsiri. Ukungu ukashuka. Msichana akaanza kutembea ndani yake, begi mgongoni, anarudi kwao.

Mdogo wangu alikunja viganja vyake. Nikamshika mikono kabla haijakutana.

"Leo ni wewe," nilimwambia.

"Mimi? Dada, mimi hata Mbeya sijafika."

"Umesafiri kwa mkokoteni, umeanguka kutoka juu, umefika nyumba ya watu ambayo hujui sufuria zake. Na mguu wako wa udongo huo hapo. Ni wewe."

Kwenye picha, msichana alikuwa amefika mlangoni kwao, mkono uko juu ya kitasa. Nilisogea mbele ya kochi, nikachuchumaa, magoti yakalia kama kuni kavu, nikainamisha kichwa na kupiga makofi ya viganja vilivyokunjwa, kama anavyosalimiwa mtu aliyetoka mbali. Salamu hiyo haiachwi bila kujibiwa, na ukishaitoa huwezi kuinuka mpaka mwenzako aitikie. Mdogo wangu aliendelea kuangalia televisheni. Majina ya Kijapani yakaanza kupanda, moja baada ya jingine, mengi sana. Nilibaki pale chini, miguu inakufa ganzi, nikaona anachukua muda wake wote, na kwamba ni haki yake.

Mwishowe akapiga makofi mawili, akaitikia. Kisha akafuta pua kwa ncha ya blanketi langu zuri.

"Rudisha nyuma kidogo, dada," alisema. "Sijajiona vizuri."